MKEKA WA MADRASA NA "MKEKA" WA KAMARI: UBONGO WA KIJANA UNAPOAHIDIWA FEDHA



 

Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu wapenzi na wazazi wetu waheshimiwa, mwaka huu tumeamua kuandika jambo ambalo baadhi ya wazee walitushauri tuliache. Walituambia kwamba aibu ya nyumbani haianikwi uwanjani. Tumelitafakari shauri lao kwa heshima zote, lakini tumeona kwamba aibu hii si ya nyumba moja tena. Ipo Misuna, ipo Ikungi, ipo Kiomboi, ipo Manyoni, na imeingia hata ndani ya darasa letu la juu. Ndio maana tukaona bora tuiseme sisi wenyewe kuliko kusemewa na watu wa nje.

Katika mwezi wa Rajab mwaka jana tulikuwa tunachangishana fedha za kununua mikeka mipya ya madrasa. Ile ya zamani mnaijua, imekatika pembeni, na watoto wadogo wakikaa hutoka na alama za nyuzi magotini. Wanafunzi 48 walileta shilingi 1,000 kila mmoja, na fedha zote akakabidhiwa kiranja wao. Ni kijana wa miaka 16, amehifadhi juzuu 7, na sisi wenyewe tulizoea kumtuma dukani na chenji ikarudi kamili. Baada ya wiki mbili fedha zilikuwa hazionekani. Alipoulizwa mara ya kwanza alisema zimeibiwa. Alipoulizwa mara ya tatu akalia, akasema ukweli: fedha za mikeka zimeingia kwenye mkeka.

Kwa wazazi ambao hawajui lugha ya vijana, "mkeka" ni orodha ya mechi ambazo mtu anazitabiri na kuziwekea dau kwa simu. Matokeo yote yakitokea kama alivyotabiri, analipwa. Timu moja ikimwangusha, wanasema mkeka umechanika, na dau limekwenda. Kijana wetu alianza na shilingi 5,000 zake mwenyewe, alizozipata kwa kubeba magunia sokoni Misuna. Zikaliwa. Akachukua 3,000 za mchango kwa nia, kama anavyosema (nasi tunamsadiki), ya kurudisha 8,000 kesho yake. Nazo zikaliwa. Usiku wa nne alikuwa hana tena hesabu. Alikuwa anatumia simu ya baba yake mdogo, ambayo namba yake ya siri alikuwa anaijua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kutoa fedha kwa wakala.

Sisi tulifanya nini? Ijumaa ile ile tulimsimamisha mbele ya wenzake, tukamsema, tukamfukuza. Tulisema mambo matatu: kwamba hana imani, hana adabu, na hana akili. Makala haya yanahusu hilo la tatu, kwa sababu tumekuja kuamini kwamba tulikosea, na kukosea kwetu katika hilo ndiko kulikotufanya tukosee hata katika adhabu.

Kwanza tuseme wazi ili asije mtu akatufahamu vibaya. Kamari ni haramu, na wala hatuna neno la kupunguza hapo. Mwenyezi Mungu (S.W.) ameitaja pamoja na pombe katika Suratul Maida (5:90-91), na kijana aliyebaleghe anaandikiwa. Fedha za amana ni amana. Lakini daktari anayejua kuwa sumu ni haramu kunywewa bado anatakiwa ajue inafanyaje kazi mwilini, la sivyo atamzika mgonjwa huku akimhutubia.

Basi tuangalie ubongo wa mwanadamu unavyoamua. Tuchukue mfano wa ndugu zetu wa Itigi wanaotafuta asali porini. Mtu anapita, hana habari, mara anakuta mzinga wa nyuki kwenye mti. Moyo unaruka kwa furaha. Siku nyingine anamsikia yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, anamfuata, anaipata. Baada ya mara chache, furaha haingoji tena asali. Inaanza pale pale anaposikia sauti ya ndege. Na siku akimfuata ndege mpaka mwisho asikute kitu, anahisi upungufu mkubwa kuliko yule ambaye hakuahidiwa chochote, ingawa wote wawili mikono yao ni mitupu.

Hivyo ndivyo alivyoona mtaalamu mmoja anayeitwa Wolfram Schultz katika ubongo wa nyani. Yeye na wenzake walikuwa wakiwapa nyani matone ya maji ya matunda huku wakipima seli fulani zilizo katikati ya ubongo, zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Tone likija bila kutarajiwa, seli zilichangamka. Nyani walipozoea kwamba taa ikiwaka tone linafuata, seli zilichangamka kwa taa, na tone lenyewe lilipokuja zilikaa kawaida. Taa ikiwaka na tone lisije, seli zilinyamaza kwa muda mfupi pale pale lilipokuwa linatarajiwa. Mwaka 1997 Schultz na wenzake wawili, Dayan na Montague, waliandika kwamba seli hizi zinapeleka habari ya tofauti iliyopo kati ya kile kilichotarajiwa na kile kilichokuja. Watu wengi husema dopamini ni kemikali ya raha. Kusema hivyo ni kufupisha mno. Ni karibu zaidi na ukweli kusema kwamba inamfundisha kiumbe aelekee wapi kesho.

Hii ni neema. Bila hiyo mtoto asingejifunza kutembea, na wala ng'ombe asingejifunza njia ya kwenda kunywa maji. Lakini mwaka 2003 Schultz pamoja na wenzake Fiorillo na Tobler walipata jambo jingine, ambalo sisi tuliposoma habari zake tulimkumbuka kijana wetu. Waliwaonyesha nyani alama zenye ahadi za viwango tofauti. Alama yenye hakika kamili haikuwachangamsha sana wakati wa kungoja. Alama isiyo na ahadi kabisa haikuwachangamsha pia. Ile ya nusu kwa nusu, huenda ikawa huenda isiwe, ndiyo iliyofanya seli zizidi kuchangamka muda wote wa kungoja mpaka dakika ya jibu.

Sasa fikirieni mechi ya dakika 90 ambayo kijana ameiwekea shilingi 500. Ni dakika 90 za huenda ikawa. Fikirieni ule mchezo wa kindege, ambao kindege kinapaa kwenye kioo cha simu na fedha zinaongezeka mpaka kitoweke ghafla. Ni sekunde chache tu za huenda ikawa, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka usiku unakwisha. Na zile mashine zinazomeza sarafu za shilingi 200, zilizowekwa hata milangoni mwa maduka ya vijijini, ni vivyo hivyo. Aliyezitengeneza hakutegemea ujinga wa mtoto. Ametegemea kile kile kinachomfanya mtoto ajifunze, na mtoto mwepesi wa kujifunza hana kinga zaidi ya mwenzake.

Kuna ushahidi mwingine ambao ulitushangaza. Kuna ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa Parkinson, unaowapata hasa watu wazima, ambao seli zao za dopamini zinakufa kidogo kidogo. Baadhi ya dawa wanazopewa hufanya kazi badala ya dopamini. Madaktari waligundua kwamba wachache miongoni mwa wagonjwa hao, watu wazima wenye heshima zao ambao hawakuwahi kucheza kamari maishani, walianza kucheza mpaka kumaliza akiba, na dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa wengi wao wakaacha. Hatusemi kwamba kijana wetu anaumwa. Tunasema tu kwamba tamaa hii ina mahali pake mwilini, na mahali hapo panaweza kuchochewa.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu wanafunzi wetu wengi wanasoma sekondari na hesabu hii ni ya kidato cha kwanza tu. Chukueni kalamu. Tuseme mkeka una mechi 10, na kila mechi ina majibu mawili tu yenye nafasi sawa. Mbili mara mbili, mara mbili, hivyo hivyo mara kumi, mnapata 1,024. Maana yake kuna njia 1,024 za kutunga mkeka huo, na moja tu ndiyo sahihi. Kampuni ikiwa ya haki ingemlipa mshindi mara 1,024 ya dau lake. Lakini kampuni haiandiki 2 kwa kila mechi, inaandika labda 1.80. Zidisheni 1.80 kwa yenyewe mara kumi, mtapata kama 357.

Basi kusanyeni vijana 1,024 kutoka mkoa mzima, kila mmoja atunge mkeka tofauti na mwenzake mpaka njia zote ziishe, na kila mmoja aweke shilingi 1,000. Zimekusanyika shilingi 1,024,000. Mmoja atashinda, hapana budi, na atalipwa shilingi 357,000. Picha yake itasambazwa kila simu akiwa ameshika noti. Zilizobaki, shilingi 667,000, zimekwenda zake, na vijana 1,023 wamerudi nyumbani kimya kimya.

Kimya kimya? La, si wote. Hapa ndipo penye mtego wenyewe. Katika hao 1,023, hesabu inaonyesha kwamba vijana 10 kamili walipatia mechi 9 na kukosa moja. Na 45 walikosa mbili. Kwa kila mshindi mmoja, basi, wapo kumi watakaotembea mtaani wakisema "timu moja tu ndiyo imenichania". Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Luke Clark walipima ubongo wa watu wanaocheza mashine ya bahati nasibu. Waliona kwamba kukosa kwa karibu huamsha baadhi ya sehemu zile zile za ubongo zinazoamshwa na kushinda, na kwamba mtu akikosa kwa karibu hupata hamu zaidi ya kuendelea, ingawa mwenyewe anasema hakufurahi. Katika kulenga shabaha hilo lina maana, kwa sababu aliyekosa kwa karibu leo anakaribia kupata kesho. Katika kamari halina maana yoyote. Mechi ya kesho haijui kwamba jana ulikosa moja.

Kijana wetu alikosa moja usiku wa pili. Alituambia hivyo mwenyewe, na alipotuambia uso wake uling'aa kidogo, ilhali alikuwa anasimulia msiba wake.

Jambo jingine ni umri. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo humsaidia mtu kujizuia na kupima matokeo ya mbali, ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko nyingine, na inaendelea kukomaa mpaka mtu anapokaribia miaka 25 hivi. Tunajua kuna mihadhara ya kanda iliyoifungamanisha habari hii na aya za Suratul Alaq. Sisi hatutaki kuingia huko, kwa kuwa Qur'an haingoji maabara ithibitishe, na maabara za leo zinaweza kusema jingine kesho. Tunachosema ni kwamba kijana wa miaka 16 ana moto wa mtu mzima na breki za mtoto. Hata sheria ya nchi, yaani Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Simu ya baba mdogo, hata hivyo, haiulizi aliyeishika ana miaka mingapi.

Wazazi wasije wakadhani tunawasema watoto peke yao. Kuna wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, ambao mwaka 1979 waliandika jinsi watu wanavyoamua penye hatari ya faida na hasara. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, mwenzake akiwa ameshafariki. Walionyesha kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha, na makadirio yaliyofuata yalisema ni kama mara mbili. Na kwamba mtu aliyekwisha kupata hupenda kushika alichonacho, lakini aliyekwisha kupoteza huwa tayari kubahatisha ili arudi pale alipokuwa.

Sasa tuulizane wakulima wa Singida. Ni nani kati yetu hajawahi kukataa kuuza vitunguu kwa sababu bei ya mwaka huu haifikii ya mwaka jana? Mmoja wa waandishi wa makala haya (jina tunalisitiri, naye yupo hapa anacheka kwa aibu) aliwahi kuweka magunia 30 Misuna akingoja bei irudi. Kila wiki bei ilishuka, na kila iliposhuka ndivyo alivyozidi kukataa, maana kuuza kungekuwa ni kukiri hasara. Magunia 11 yaliota na kuoza. Bei ya mwaka jana haikuwa na uhusiano wowote na soko la siku ile, lakini ndiyo iliyokuwa kichwani mwake kama kigingi alichofungwa nacho. Kijana aliyechukua 3,000 ili airudishe 5,000 alifungwa kigingi hicho hicho. Tofauti ni kwamba mwalimu wake alipoozesha magunia tulimpa pole.

Hapa pana swali ambalo mwanafunzi mmoja wa kike alituuliza darasani, nasi hatukumjibu vizuri siku ile. Alisema: "Ustadhi, kama kubahatisha ni haramu, mbona baba anapanda alizeti na hajui kama mvua itanyesha?" Ni swali zuri. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na anayepanda anaweka dau kubwa kuliko mcheza kamari yeyote. Mwaka 2023 wengi walivuna na bado bei ya alizeti ikawaangusha. Lakini alizeti huota. Mkulima akipata, mafuta yameongezeka duniani, na hakuna jirani aliyelazimika kupoteza ili yeye apate. Kwenye mkeka wa kamari hakuna kilichoota. Kuna fedha za vijana 1,023 zilizohamishwa. Uislamu haukukataza hatari. Umeruhusu biashara, umeruhusu watu wawili washirikiane mmoja kwa mtaji na mwingine kwa kazi, na wagawane faida kwa makubaliano. Na katika Surat Yusuf tunasoma jinsi Nabii Yusuf (A.S.) alivyoiandaa nchi nzima kwa miaka ya njaa kwa kuhifadhi nafaka katika masuke yake. Mababu zetu waliojaza vihenge vya mtama na uwele walikuwa wanafanya jambo la jamii hiyo hiyo. (Ama wale wanaonunua vitunguu vya mwenzao vikiwa bado vichanga shambani kwa bei ya kutupa, wakijua mwenye shamba ana shida ya ada, nao wakamuulize sheikh. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla hayajadhihirika kukomaa.)

Turudi kwenye aya ya Suratul Maida. Masheikh wetu wanatufundisha kwamba neno lililotumika pale halikuishia katika kukataza kitendo. Lina maana ya kujitenga nacho, kuwa upande mwingine, kama vile katika zinaa tulivyokatazwa hata kuikaribia (17:32). Miaka yote tumelisomesha neno hilo bila kulipa uzito wake. Tulikuwa tunamwambia kijana "usicheze", maana yake tunamngojea afike mlangoni kisha tumtake ashinde. Lakini mlangoni ndipo palipo pagumu kuliko pote, kwa sababu alama ikishawaka na ndege ameshalia, yale maamuzi tunayoyaita maamuzi yameshaanza bila yeye. Uamuzi mwepesi ni ule wa asubuhi, simu ikiwa mbali na mtu akiwa ameshiba.

Na hili halimhusu mtoto peke yake. Anayemtuma mtoto wa miaka 12 kwa wakala na namba ya siri amemsogeza mlangoni. Anayekwenda naye kwenye kibanda umiza kuangalia mpira, na pembeni watu wazima wanatunga mikeka na kumwuliza mtoto "nani anashinda leo?", amemsogeza mlangoni. Na sisi madrasa tuliyempa kijana wa miaka 16 shilingi 48,000 za watu akae nazo peke yake wiki mbili, bila daftari na bila shahidi, tumesema amevunja amana. Amevunja, ndiyo. Lakini deni lenyewe tumeamrishwa tuliandike na tuweke mashahidi (2:282), wala si kwa sababu kila mkopaji ni mwizi.

Tukiri na la pili. Mwaka juzi katika kikao cha ujenzi wa vyoo kulitolewa pendekezo la kuuza tiketi za shilingi 500, atakayebahatika apate baiskeli. Tulikaribia kulipitisha. Lilizuiwa na mama mmoja wa kamati aliyeuliza kwa upole kama hiyo baiskeli haitakuwa na harufu. Wengine walimcheka. Leo tunamshukuru.

Wapo wanaosema hili ni jukumu la serikali, zikifungwa kampuni mambo yatakwisha. Hatupingi serikali kukaza. Lakini tuangalie majirani. Januari 2019 Uganda ilitangaza agizo la Rais kwamba kampuni za kubeti zisipewe leseni mpya wala kuongezewa za zamani. Julai mwaka huo huo Kenya ilikataa kuhuisha leseni za baadhi ya kampuni kubwa kabisa, na nyingine zikafunga milango. Hata hivyo vijana wanabeti katika nchi zote mbili mpaka leo. Kinachozuiwa juu hupenya chini kama hakuna mtu mlangoni mwa nyumba.

Kwa hiyo tunaiomba kamati, katika mkutano mkuu wa mwaka huu, iondoe kile kifungu cha kanuni zetu kinachosema kwamba mwanafunzi atakayeshikwa na kamari afukuzwe mara moja. Kifungu hicho tulikiandika sisi, na tulikiandika kwa hasira. Kijana anayefukuzwa madrasa jioni anakwenda wapi jioni hiyo? Anakwenda kule kule, na sasa ana muda zaidi. Tunapendekeza alipe alichochukua kwa kazi ya mikono yake, asishike simu yenye fedha mpaka aaminiwe tena, na awe na mtu mzima mmoja wa kumwendea usiku hamu inapompanda. Baadhi ya wazazi watasema tunalea uovu. Tumesikia, na tutawajibu mkutanoni. Ila tunawaomba waje na hesabu ya wale vijana waliofukuzwa miaka iliyopita na watuambie ni wangapi walirudi msikitini.

Wanafunzi wetu, nanyi mkiona mwenzenu anatafuta "kurudisha", msimcheke na wala msimkopeshe. Mleteni kwetu. Hatutamsimamisha mbele ya watu.

Kijana yule tulimfuata nyumbani kwao katikati ya Ramadhani. Mama yake alidhani tumekuja kudai, akaanza kufungua kanga kutoa elfu mbili. Alirudi darasani mwezi wa Shawwal na anakaa safu ya tatu, karibu na dirisha. Ukiranja hatukumrudishia, na mwenyewe hakuuomba. Amekwisha kulipa shilingi 31,000 kwa kubeba magunia siku za mnada, zimebaki 17,000. Baba yake mdogo amebadilisha namba ya siri. Mikeka mipya tulinunua kwa mchango wa pili, na daftari lake linashikwa na wanafunzi wawili, wa kiume mmoja na wa kike mmoja, ambao kila Alhamisi wanahesabu fedha mbele ya darasa zima.